Msibani, tusiharakishe kusema "kazi ya Mungu haina makosa"

Kuanzia Kilwa hadi Newala, mfiwa hajakaa vizuri mkekani ameshaambiwa: "Kazi ya Mungu haina makosa." Sina ugomvi na maneno hayo. Nina ugomvi na saa yake. Aliyemzika mwanawe mchana akiyasikia kwa kila anayeingia, anachosikia ni "nyamaza". Basi hunyamaza, na baadaye hata swala humshinda, nasi tunasema imani yake ilikuwa ndogo.

Vitabu vyenyewe havina haraka hiyo. "Inna lillahi" ("sisi ni wa Mungu") tunayowahi kumtupia, aya ya 156 ya Al-Baqara katika Kurani imeiweka kinywani mwa aliyepatwa. Katika Surat Yusuf, Yaakub anamlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yanakuwa meupe. Wanawe wakimlaumu, anajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Anashitaki, na bado ni Nabii! Mtume naye alimlilia mwanawe Ibrahim hadharani.

Wanaosoma Biblia, kule Ndanda na Masasi, wamtazame Ayubu. Rafiki zake watatu waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kumwambia neno. Mpaka hapo walikuwa wafariji wazuri. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini yamempata, na sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Kwa hiyo toa mkono, sema pole, kaa. Mtaje marehemu kwa jina. Sababu za kifo chake waachie wengine, na mwanamume akilia usimwambie ajikaze.

Halafu chakula. Jaafar, binamu yake Mtume, alipouawa vitani, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe. Kwetu mfiwa ndiye anayenunua mchele wa ubwabwa na mbuzi wa arobaini. Mjane anamaliza eda, miezi minne na siku kumi, akiwa na deni linalosubiri msimu wa korosho. Deni hilo linamwongezea swali kwa Mungu, na tuliomwongezea ni sisi walaji.

Watu wakishaanua matanga siku ya tatu, nyumba inabaki kimya, na hapo ndipo "kwa nini mimi?" inapoanza kweli. Nenda wiki ya pili, jioni, turubai limeshateremshwa na masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe. Chukua kilo mbili za unga na samaki. Akiuliza hilo swali, mwache aulize mpaka amalize. Dua msome wakati wa kuagana, akitaka.