Haipokloriti au klorheksidini: dawa ipi ioshe mzizi wa jino?

Anayetibiwa mzizi wa jino huona vifaili, yaani vyuma vyembamba vya kukwangua mfereji, vikiingia na kutoka, akadhani kazi yote ni ya vifaili. Sivyo. Mfereji wa mzizi una kona na matawi ambayo chuma hakiyafikii, na kuta zake za dentini, tishu ngumu iliyo chini ya uso wa jino, zimejaa vijitundu ambamo bakteria hujipenyeza. Huko hufika dawa ya kuoshea peke yake, na ndiyo maana ubishi kuhusu dawa hiyo haujaisha.

Upande mmoja uko na haipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo ndani ya Jik. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Henry Dakin aliipunguza makali hadi asilimia 0.5 ili ioshe vidonda vya askari. Sifa yake kubwa ni kwamba inaua na pia inayeyusha: nyama iliyokufa ndani ya jino, pamoja na utando ambao bakteria hujificha chini yake.

Upande wa pili uko na klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, ya asilimia 2. Hii hunata kwenye dentini na kuendelea kuzuia bakteria hata baada ya kuoshwa. Humkabili vizuri bakteria aitwaye Enterococcus faecalis, anayekutwa mara nyingi katika meno yaliyotibiwa yakakataa kupona. Tena ni mpole zaidi kwa nyama ya mwili. Haipokloriti ikisukumwa ikavuka ncha ya mzizi, mgonjwa hupata maumivu makali papo hapo, shavu huvimba, na damu huweza kuvilia hadi chini ya jicho. Kwa daktari aliyewahi kuliona hilo, kuipenda klorheksidini si woga.

Ushahidi kutoka kwa wagonjwa haujampa yeyote ushindi. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, hayakukuta ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba dawa moja inaishinda nyingine. Watafiti wa Oslo nao walilinganisha haipokloriti ya asilimia 1 na klorheksidini ya asilimia 2 katika meno yaliyokuwa yakirudiwa matibabu. Bakteria waliobaki hawakutofautiana kwa kiasi cha maana, na miaka minne baadaye uponaji ulikuwa karibu sawa.

Basi daktari achukue yoyote? Hapana. Jino linalorudiwa matibabu lilishaondolewa nyama yake zamani, kwa hiyo haipokloriti haikupata pa kuonyesha ubora wake wa kuyeyusha. Kwa jino linalofunguliwa mara ya kwanza, lenye nyama iliyooza ndani, sioni klorheksidini ikisimama peke yake. Iwe dawa ya kuoshea mara ya mwisho, au ya mgonjwa mwenye mzio wa haipokloriti, ingawa nayo ina mzio wake, nadra lakini hatari.

Nguvu ya haipokloriti nayo isitiliwe chumvi. Jaribio moja la mwaka 2019 kwenye magego lilipima asilimia 1 dhidi ya 5, na uponaji haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Dawa hafifu huchoka upesi ikigusana na nyama. Basi ibadilishwe mara kwa mara, kwa wingi, na ikorogwe ndani ya mfereji kwa mitetemo. EDTA, kemikali inayoyeyusha madini, ya asilimia 17 huondoa unga unaoachwa na vifaili ukutani, unga ambao huziba njia ya dawa yoyote. Kosa baya ni kukutanisha haipokloriti na klorheksidini bila kusuuza katikati: papo hapo hutokea mashapo ya rangi ya kahawia yanayoziba vile vijitundu.

Katika kliniki zetu, linalonihangaisha zaidi ni chupa yenyewe. Haipokloriti hupungua nguvu kwa joto na mwanga, na iliyokaa dirishani wiki nyingi katika joto la Dar es Salaam haina tena asilimia iliyoandikwa. Pia kuna ile karatasi ya mpira inayolitenga jino na mdomo. Mgonjwa ana haki ya kuiulizia kabla dawa haijamiminwa, na daktari asiyekuwa nayo hana sababu ya kushika bomba la haipokloriti.