Dampo la kisasa na mwokota makopo

Kila mji unapoamua kuboresha usafi, wa kwanza kusogezwa pembeni ni mwokota makopo. Sababu za kumsogeza zipo na si za kupuuza. Dampo la Muriet, Arusha, lilijengwa kisasa kwa fedha za Benki ya Dunia ili taka zishindiliwe, zifukiwe udongo, na maji yake machafu yasizame ardhini. Anayeinama kuokota chupa nyuma ya katapila anacheza na maisha yake. Humo mna sindano, vioo na betri. Biashara ya vyuma chakavu nayo imechafuliwa na wanaong'oa alama za barabarani na mifuniko ya chemba. Afisa afya anayetaka uzio na lango hakosei.

Lakini uzio uko mwisho wa safari, na taka zinaanzia jikoni. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini asilimia 56 ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Pita Soko la Kilombero hapa Arusha jioni, au Mbuyuni kule Moshi, uone maganda ya ndizi na majani ya kabichi. Yakichanganywa na boksi, boksi linalowa na halinunuliki. Yakifukiwa bila hewa, yanaoza na kutoa gesi ya methane, pamoja na yale maji machafu tuliyoyajengea shimo la gharama ili kuyazuia. Hesabu hii inauma: zaidi ya nusu ya tunachokisomba kwa lori lenye kula dizeli kingeweza kuwa mboji au chakula cha ng'ombe. Wafugaji wa ndani Kibosho na Machame wanahangaika na malisho kila kiangazi, na samadi ya ng'ombe hao ndiyo inayolisha kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani.

Katikati ya mchanganyiko huo anasimama mwokota makopo, na wengine ni akina mama wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo. Anatenganisha chupa, plastiki ngumu, boksi na bati bila mshahara, kisha anampelekea dalali anayepima kwa kilo. Kila kilo anayobeba haifiki Muriet. Analaumiwa kwamba anamwaga pipa barabarani, na kweli wapo wanaomwaga. Wanamwaga kwa sababu kikavu kimezikwa chini ya kibichi.

Watasema wananchi hawawezi kutenganisha taka mbichi na kavu nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na watu wakarudi kwenye vikapu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo imeshazipa halmashauri wajibu wa kuhakikisha taka zinaainishwa zinakozalishwa. Moshi, iliyosifika nchini kwa usafi, imethibitisha kwamba sheria ndogo zikisimamiwa watu hufuata. Ila barabara iliyofagiwa haionyeshi ni kiasi gani cha taka kilichorudi kutumika.

Hoja nzito zaidi ya halmashauri ni gharama: mifuko miwili kwa kila nyumba, wa taka mbichi na wa taka kavu, maana yake ni mizunguko miwili ya lori. Lakini mzunguko wa taka kavu hauhitaji lori. Unahitaji guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu), glavu, buti, na kitambulisho cha mtaa kitakachomruhusu mwokota makopo kugonga geti mchana bila kuitwa kibaka.