Mtoto Amepata Kifaa cha Usikivu, Kwa Nini Tumfunge Mikono?

Mtoto wa jirani yangu ana miaka minne. Nyuma ya sikio la kulia amevaa kidude chenye waya mfupi, na mwisho wa waya kuna kisahani kinachonata kichwani kwa sumaku. Kila asubuhi kabla ya chai mama yake humketisha mkekani, hujiziba mdomo kwa pindo la kanga ili mtoto asisome midomo, kisha hutoa sauti moja moja: aa, uu, ii, mm, sh, s. Mtoto akisikia, anatumbukiza kizibo cha soda kwenye kikombe. Sauti ya s ikipita na kizibo kimebaki mkononi, mama anakagua betri, kisha waya.

Naanza na vizibo hivyo kwa sababu mjadala wetu kuhusu kuwapandikiza watoto viziwi kifaa cha usikivu huviruka. Video zinazosambaa ni za siku ya kuwasha kifaa: mtoto anashtuka, mama analia, watu wanaandika "muujiza". Kumbe siku hiyo mtoto anaanza tu kusikia makelele. Kifaa hiki si shimesikio la kukuza sauti. Kinageuza sauti kuwa umeme na kuupitisha kwenye waya mwembamba uliopenyezwa ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama konokono, hadi kwenye mshipa wa fahamu. Ubongo ndio unaojifunza polepole kwamba huu ni mlio wa pikipiki na hili ni jina langu. Na Kiswahili hakimhurumii mtoto huyu: "atakuja" na "hatakuja" zinatenganishwa na pumzi tu.

Wanaokitetea kifaa wana hoja nzito. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje, hasa India, kwa gharama iliyotajwa kuwa kati ya shilingi milioni 80 na 100 kwa mtoto mmoja. Kuufanyia hapa nchini kumeipunguza kwa zaidi ya nusu. Umri nao hausubiri, maana njia za usikivu katika ubongo hupokea vizuri zaidi kabla ya miaka mitatu na nusu hivi. Kwa aliyeugua homa ya uti wa mgongo, mfupa unaweza kuota ndani ya koklea na kuufunga mlango kabisa. Halafu zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mzazi anayetamani kumwita mwanawe kutoka jikoni naye aitike, mimi simlaumu hata kidogo.

Viziwi wengi wanauliza swali jingine: nani amesema sisi ni wagonjwa? Nchini Marekani kifaa kiliidhinishwa kwa watoto mwaka 1990, na mwaka uliofuata chama cha taifa cha viziwi kilipinga waziwazi kupandikizwa watoto wasioweza kujiamulia. Mwaka 2000 kililegeza msimamo, kikatambua kifaa kuwa chaguo mojawapo. Jirani zetu Kenya, Katiba ya 2010 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Hiyo ni lugha yenye sarufi yake, yenye utani na matusi yake. Kumwambia mtu mwenye lugha hiyo kwamba mwanawe "ataokolewa" na upasuaji ni kumvunjia heshima.

Nami naona pande zote mbili zinagombania chumba cha upasuaji, ilhali mtoto anapotea nje yake. Jirani yangu alisubiri karibu miaka miwili kabla ya operesheni. Muda wote huo aliambiwa na mtaalamu mmoja asimfundishe alama, eti mtoto atakuwa mvivu wa kusema. Miaka miwili mtoto hana neno la kusema "naumwa". Anapiga, anauma, anavuta nguo, na majirani tukasema ana tabia mbaya. Najuta kwamba na mimi nilisema.

Wapo watafiti waliokuta kwamba watoto wasiotumia alama husema vizuri zaidi baada ya kupandikizwa, na hoja hiyo siipuuzi. Ila watoto waliozaliwa na wazazi viziwi, wakakua na alama tangu siku ya kwanza kisha wakapata kifaa, wamekutwa hawabaki nyuma katika usemaji. Kwa hiyo sioni alama ikiua usemi. Mtoto asiye na lugha yoyote katika miaka ile ya mwanzo, kuipata baadaye ni kazi kubwa.

Tena sehemu ya nje ya kifaa huvuliwa. Kwa kawaida mtoto haogi wala halali nayo. Kifaa kikiharibika, mzazi wa Newala au Sumbawanga anaweza kulazimika kupanda basi hadi Dar es Salaam, na mabasi hayo atayapanda miaka na miaka, kwa marekebisho ya sauti na kwa mazoezi ya matamshi. Serikali ikilipia upasuaji bila kulipia miaka hiyo, imenunua nusu ya kitu.

Mama yule sasa anajifunza alama kwa fundi cherehani kiziwi wa mtaa wa pili. Juzi jioni nilimkuta anamwogesha mwanawe uani, kifaa kimewekwa juu ya dirisha ndani ya kopo kavu. Mtoto, povu hadi masikioni, alikunja vidole akaonesha alama ya maji, kisha akatetema mabega: ya baridi. Mama akaenda kuongeza ya moto.