Tofauti yetu na sokwe wa Gombe: jeni mpya au swichi zake?

Kigoma ni nadra kukutana na mwanafunzi ambaye hajasikia kwamba sisi na sokwe wa Gombe tunafanana kwenye DNA kwa karibu asilimia 99. Akishaambiwa hivyo, huuliza kwa haki kabisa: basi ni jeni gani iliyotutenga? Swali hilo limekwishadhani kwamba jibu ni jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini. Wapo wanasayansi makini wanaotetea jibu hilo, lakini naona upande wa pili, ule wa udhibiti wa jeni, hausikilizwi inavyostahili.

Mwaka 1975 wanasayansi Mary-Claire King na Allan Wilson walilinganisha protini za binadamu na za sokwe, wakakuta zinakaribiana mno kuweza kueleza umbali uliopo kati yetu kimwili na kiakili. Wakasema tofauti itafutwe kwenye udhibiti: jeni ipi inawashwa, ndani ya seli gani, lini, na kwa muda gani. Ilikuwa hoja nzuri isiyo na chombo cha kuipima.

Chombo kilikuja baadaye, na kuna hesabu moja ambayo bado sijaizoea. Mwaka 2006 Katherine Pollard na wenzake walitangaza kipande cha DNA walichokiita HAR1, chenye herufi 118 tu (DNA huandikwa kwa herufi nne za kikemia: A, T, G na C). Kuku na sokwe, ambao nasaba zao ziliachana takriban miaka milioni 300 iliyopita, wanatofautiana hapo kwa herufi 2. Sokwe na binadamu, walioachana miaka kama milioni 6 hivi, wanatofautiana kwa herufi 18. Miaka milioni mia kadhaa kipande karibu hakikuguswa, maana yake kila kilipoguswa kiumbe alipata hasara. Kisha kwa mababu zetu peke yao kikabadilika mara 18. Kipande hicho hakitengenezi protini yoyote. Hutoa RNA, yaani nakala ya DNA, na RNA hiyo huonekana kwenye ubongo wa kijusi kati ya wiki ya 7 na ya 19, katika seli za Cajal-Retzius, zile zinazosaidia niuroni (seli za neva) changa kujipanga kwa tabaka.

Vipande vya aina hii sasa vinakaribia 3,000. Vingi viko nje ya maelekezo ya protini, na vingi hufanya kazi kama swichi za jeni nyingine.

Wanaopinga wana jambo la kweli hapa, tena zito. Mabadiliko yote 18 ya HAR1 yametoka kwenye herufi A au T kwenda G au C. Ukarabati wa DNA wakati wa kuundwa kwa mbegu za uzazi hupendelea G na C hata pasipo faida yoyote kwa kiumbe. Kwa hiyo kasi peke yake haithibitishi kwamba mabadiliko yalitufaa. Nakubali. Ila chanzo cha badiliko na matokeo yake ni maswali mawili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichukua swichi nyingine ya kundi hilo, HARE5, wakaiweka kwenye panya: waliopewa ya binadamu walikuwa na gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kubwa kwa asilimia 12 hivi kuliko waliopewa ya sokwe.

Hapo ndipo kusoma seli moja moja kunapobeba uzito. Zamani kipande cha ubongo kilisagwa chote kikapimwa kwa pamoja, sawa na kutwanga dagaa, migebuka na kuhe kisha kuulizwa ladha ya kuhe. Leo kila seli hutengwa, jeni zilizowaka zikasomwa, na sehemu za DNA zilizo wazi kwa swichi zikaonekana. Mwaka 2019 njia hii ilitumika kwenye vibonge vya tishu ya ubongo vilivyokuzwa maabara kutokana na seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, za binadamu na za sokwe. Niuroni za binadamu zilikomaa polepole zaidi. Vibonge hivyo havina mishipa ya damu wala si ubongo kamili, kwa hiyo tusivipe zaidi ya vinavyosema. Lakini walichokiona ni tofauti ya wakati, na wakati ni kazi ya udhibiti.

Wa upande wa jeni watanijibu kwa ARHGAP11B. Hii ni jeni ambayo sokwe hana kabisa. Mwaka 2015 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walionyesha kwamba huongeza seli zinazozaa niuroni kwenye panya, na mwaka 2020 vijusi vya nyani wadogo waitwao marmoseti vilivyopewa jeni hiyo vilikuza gamba kubwa zaidi, lililoanza kujikunja. Huo ni ushahidi imara, na anayedai kwamba swichi zinaeleza kila kitu anakosea. Lakini tazama walivyoiweka kwa marmoseti: waliipeleka pamoja na swichi yake yenyewe ya binadamu, ili iwake katika seli sahihi na kwa wakati wake.