Asilimia 100 ya nini?

Mwandishi wa makala tunayoijadili ameisifu shule moja kwa "kufaulisha asilimia 100" kidato cha nne, na wachangiaji hapa wameshaanza kuulizia ada. Taratibu jamani. Kwa hesabu za NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, daraja la nne nalo ni kufaulu, hata kwa pointi 33, ukingoni kabisa mwa kufeli (pointi zikiwa nyingi, matokeo ni mabaya). Fungua matokeo ya shule yenyewe, jumlisha daraja la I hadi la III, gawanya kwa waliofanya mtihani. Shuka kwenye masomo utazame Hisabati: D, nayo huhesabiwa kufaulu, inaanzia alama 30 tu. Halafu, na hili ndilo wengi hulisahau, linganisha na waliofanya upimaji wa kidato cha pili miaka miwili nyuma. Walikuwa 90, wamebaki 52? Uliza habari za mchujo, maana waliohamishwa hawamo kwenye hiyo asilimia.