Mama Simon hana kesi ya kujibu

"Mama gani huyu?" Taa hazijawashwa bado, na jamaa wawili nyuma yangu walishatoa hukumu. Tulikuwa tunaangalia Le Voyage du ballon rouge, yaani Safari ya Puto Jekundu, ile filamu ya mwongozaji Hou Hsiao-hsien wa Taiwan ya mwaka 2007. Kosa la Suzanne, mama yake Simon? Hana muda, nyumba shaghalabaghala, anafoka kwenye simu, mtoto kaachiwa dada wa kazi.

Haya. Na baba? Baba yuko Montreal. Filamu nzima yuko Montreal! Sikusikia mtu akinong'ona "baba gani huyu". Kumbe ukitoroka mbali vya kutosha unasamehewa. Anayeshtakiwa ni aliyebaki na mtoto, kwa sababu uchovu wake ndio tunaouona.

Juliette Binoche anamwigiza Suzanne bila kuomba radhi, na nadhani hilo ndilo linalowawasha watu. Kazi yake ni kutia sauti kwenye maigizo ya vikaragosi, mpangaji wa chini halipi kodi, binti mkubwa yuko Brussels, na katikati ya vurugu hiyo bado anamkumbatia Simon. Tamthilia zetu zimetuzoesha vingine: mama mwenye kazi na asiye na mume lazima akomeshwe. Mtoto augue au agongwe na gari, mama aangue kilio wodini, aache kazi, ndipo tumpende. Hou hamkomeshi mtu. Kuna lile tukio la fundi asiyeona anayerekebisha sauti ya piano: Suzanne anahangaika na matatizo yake, fundi yeye anabonyeza tu, ting, ting, ting, nyumba inaendelea.

Mimi pale nilicheka peke yangu. Nimelelewa na mama mmoja na cherehani moja, sebuleni. Wiki ya Idi wateja walikuja kugombana hadi usiku, na mimi nilifanya hesabu za shule chini ya meza, juu ya vipande vya vitambaa. Mama alinijibu pini zikiwa mdomoni. Mtu angepita akatuchungulia angesema mtoto katelekezwa. Wakati mimi nilikuwa najua habari za mtaa mzima, tena bure!

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba filamu inakwenda polepole mno. Mfaransa Albert Lamorisse, kwenye filamu yake ya mwaka 1956, alimaliza habari ya puto jekundu kwa dakika 34. Hou anachukua karibu saa mbili, na puto lake mara nyingi linapita tu dirishani kama mgeni asiyekaribishwa. Jumba la makumbusho la Orsay, kule Paris, ndilo lililoagiza filamu hii, na ile ziara ya wanafunzi humo, mbele ya mchoro wa msanii Vallotton, inanukia kulipa fadhila. Aliyesinzia hapo simlaumu.

Lakini kuna mtu hata watetezi wa Suzanne hawamtaji: Song, yule dada wa kazi. Ndiye anayemchukua Simon shuleni, anayezunguka naye Paris, anayekaa naye. Ni Mchina anayesomea filamu, na anatengeneza yake ya puto jekundu. Puto analishika mwanamume aliyevaa kijani mwili mzima, na Song anaeleza kwamba baadaye atafutwa kwa kompyuta, puto lionekane linaruka lenyewe. Hapo nilikaa wima. Ni nani mwingine katika nyumba zetu anayebeba mtoto siku nzima halafu akafutwa kwenye hadithi? Tunagombana kama mama ni mzuri au mbaya, na mtoto kaogeshwa, kalishwa, kavushwa barabara na msichana ambaye nusu ya majirani hawajui jina lake la pili.

Hou angalau amempa Song kamera. Ila hakunionyesha chumba anacholala, wala hakuniambia analipwa kiasi gani, na hilo ndilo ningemuuliza kabla ya lolote kuhusu puto.