Mkutubi asiogope kupima

Zamani mwalimu akitaka darasa lisome sura fulani, kitabu kilikaa kwenye rafu ya akiba, nyuma ya kaunta. Unaandika jina, unapewa saa mbili, na mwenzako amesimama nyuma anakuhesabia dakika. Sheria haikuwa na neno, kwa kuwa hakuna nakala iliyotengenezwa. Leo sura ileile inaskaniwa na kuwekwa mtandaoni, inafunguliwa kwa nywila na waliojiandikisha kwenye kozi tu, na muhula ukiisha inafungwa. Kuskani ni kunakili, na hapo ndipo hakimiliki inapoingia.

Mwaka 2008 wachapishaji Cambridge University Press, Oxford University Press na SAGE waliwashtaki viongozi wa Georgia State University, Marekani, kwa ajili ya akiba ya namna hii. Kesi ilichukua miaka 12. Mwaka 2012 Jaji Orinda Evans alikuta makosa matano tu, akaweka na kipimo cha kinachoweza kunakiliwa bila kibali: asilimia 10 ya kitabu, au sura moja kikiwa na sura 10 na zaidi. Baadhi ya maandishi yaliyolalamikiwa hayakufunguliwa na mwanafunzi hata mmoja!

Kipimo hicho kilipendwa kwa sababu ni chepesi: hesabu kurasa, lala usingizi. Mahakama ya rufaa ilikikataa mwaka 2014, na naona ilifanya vyema. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976 inaruhusu kunakili bila kibali pale matumizi yanapokuwa ya haki, lakini haitaji asilimia. Inataka yapimwe mambo manne kwa pamoja: nia ya matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na hasara kwa soko la mwenye kazi. Kurasa nane zinaweza kubeba kiini chote cha kitabu; kurasa arobaini zikawa maelezo ya kawaida tu.

Kinachoniuma ni woga. Nimeona mwalimu akinyimwa sura ya kitabu kisichochapishwa tena, ambacho leseni yake ya kidijitali, yaani kibali cha kulipia cha kukiweka mtandaoni, haiuzwi popote, eti kurasa zimezidi kipimo kwa mbili. Hasara ya soko iko wapi hapo? Katika kesi ileile, leseni ya kidijitali ilipokosekana, mizani ilielekea upande wa chuo. Waliogharimika na katazo lile ni wanafunzi, si mchapishaji.

Sisemi tuskani kila kitu. Kitabu cha kiada kilichoandikwa kwa ajili ya kozi hiyohiyo kinunuliwe. Mwandishi naye anakula kwa jasho lake. Hukumu ya mwisho, mwaka 2020, ilikuta makosa 10 kati ya madai 48, kwa hiyo mipaka ipo. Lakini madai 38 yalianguka baada ya kupimwa moja moja. Kazi hiyo mkutubi anaiweza: achukue ombi, aangalie kama leseni inauzwa na kwa bei gani, aandike sababu zake nusu ukurasa, aziweke kwenye faili, kisha aifungulie darasa sura yake.